Mstari wa Pili kwenye Fomu

Vijana wa ofisi ya udahili wameniomba niandike machache kabla sijasahau. Wameomba kwa adabu, lakini nawajua: wanachotaka hasa ni kuambiwa mafaili ya wanafunzi wa zamani yako wapi. Yako kwenye kabati la nyuma, rafu ya chini, na mnayapita kila siku mkienda kuchemsha chai. Haya mengine ni nyongeza ya bure.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Nitaandika juu ya barua za kuwanyima watu nafasi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kubwa. Watu hudhani karani wa udahili kazi yake ni kuwaingiza wanafunzi chuoni. Kweli huwaingiza, lakini kwa kila mmoja anayeingia kuna wengi wanaobaki nje ya lango, na hao wote walipata barua yenye sahihi yangu chini. Kuna nyumba Migori hii ambazo mpaka leo nikipita hawanikaribishi chai.

Kazi niliianzia Homa Bay, katika duka la Bi. Rukia. Mumewe alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, akiuza madaftari na vitambaa vya sare, naye Bi. Rukia aliweka taipureta mbili chumba cha mbele akiwapigia watu chapa barua zao. Mimi nilikuwa kijana wa Rangwe, upande huo huo wa Homa Bay, mwenye cheti cha kidato cha nne na vidole vigumu kama mpini wa jembe. Siku ya kwanza hakuniruhusu kuandika hata herufi moja. Alinipa mswaki mkuukuu na chupa ya spiriti, nikasafisha vichwa vya herufi kimoja kimoja mpaka saa nane. "Ukijua mashine inachafuka wapi, hutaitukana ikikosea," aliniambia. Siku ya pili alinifunika mikono kwa kanga, nikaanza kujifunza kupiga chapa bila kuangalia. Adhana ikilia aliacha sentensi katikati, akaenda kuswali, akarudi na kuendelea na neno lile lile bila kusoma alipoishia. Mimi nikienda msalani tu nasahau barua ilikuwa ya nani.

Mwezi wa tatu aliniachia mteja wangu wa kwanza, baba mmoja ambaye mwanawe alikuwa amekataliwa katika chuo cha uuguzi. Niliandika barua ya rufaa kurasa tatu. Niliweka machozi, nikaweka wadogo zake saba, nikaweka na nyumba iliyoezuliwa paa na upepo. Nilijiona bingwa. Bi. Rukia aliisoma yote, akavua miwani, akaichana.

"Ouma, rufaa si matanga," alisema. "Matangani watu wamekuja kulia nawe. Kwenye kamati hakuna aliyekuja kulia. Mwambie mwenye kamati: umeambiwa nini, kosa liko wapi, ushahidi wako ni upi, unataka nini. Mambo manne, ukurasa mmoja. Ukishamaliza, nyamaza."

Mambo hayo manne nimekaa nayo maisha yangu yote. Mke wangu anasema hata chumvi mezani naiomba kwa mpangilio huo.

Miaka ya tisini ilipoanza nilipata kazi hapa Migori. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kichanga, na ofisi ya udahili ilikuwa meza moja, kabati moja, mimi, na mashine ya kurudufisha iliyozungushwa kwa mkono. Nyinyi mnabonyeza kitu, karatasi mia zinatoka. Sisi tulikata stensili kwanza, ile karatasi ya nta, na ukikosea herufi unapaka dawa ya waridi inayonuka kama duka la kusuka nywele, unasubiri ikauke, unapuliza, unapiga tena. Barua ya kukataa ilikuwa na stensili yake. Tuliacha pengo la jina tu, nikalijaza kwa kalamu. Neno "Tunasikitika" nimelirudufisha mara nyingi kuliko salamu za Krismasi.

Waliokataliwa hawakukaa kimya nyumbani. Walikuja, tena na wazazi wao. Nilijifunza kwamba kiti kinatangulia maneno: mtu asimame au aketi, habari ni ile ile, lakini aliyeketi huisikia vizuri. Nilijifunza kuweka mtungi wa maji safi na bilauri. Nilijifunza pia kutomwambia mtu kwamba Mungu ana mpango wake. Huenda anao, ila hajanionyesha, na anayelia hutambua mara moja kwamba unabahatisha. Siku moja mzee mmoja alinijia na kuku wa kienyeji kwapani. "Mwalimu, mkono mtupu haulambwi," akasema, maana huku kila mtu wa ofisi ya elimu ni mwalimu hata akiwa mfagizi. Nikamwambia hapa hapalambwi mkono. Tukiwa tunavutana, kuku akaruka, akatua kwenye trei ya barua zinazosubiri majibu, akataga. Mzee aliondoka na kuku wake na yai lake, na kijana wake hakupata nafasi, lakini angalau tulicheka sote.

Rufaa nyingi zilishindwa, niseme ukweli. Ila kuna moja ambayo nikiikumbuka kifua kinajaa, na ilianza kwa kosa langu mwenyewe.

Wakati ule wilaya kubwa ya zamani ilikuwa imekatwa, Migori huku na Homa Bay kule, na watu walikuwa bado wanazoea kuulizwa wako upande gani. Chuo kilikuwa kimetenga nafasi kwa wenyeji wa upande wa Migori. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja tu wa kuonyesha mwenyeji ni nani: Nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kupitia fomu na kalamu nyekundu, nikiwapigia mstari waliotoka nje ya mipaka, ndipo kamati ipokee orodha iliyosafishwa. Msichana mmoja aliyeitwa Akoth alikuwa na alama nzuri, na mwalimu wake mkuu wa Karungu, upande wetu wa Migori, alikuwa amemsifu ukurasa mzima. Kwenye mstari wa nyumbani aliandika Kisegi. Kisegi iko upande wa Homa Bay. Nikapiga mstari mwekundu. Ilinichukua muda wa kupiga chafya.

Wiki mbili baadaye akaja, peke yake, barua imekunjwa mara nne mkononi. Nikamwonyesha kiti.

"Mwalimu, hii barua inasema mimi si mtu wa hapa," alisema. "Mimi nimesoma Karungu toka nasari. Huko ndio najua, hakuna kwingine."

"Lakini uliandika Kisegi."

"Sasa ningeandika wapi?"

"Umewahi kuishi Kisegi?"

"Nililala huko siku za matanga pekee, tukimzika baba. Nilikuwa mdogo. Ndugu zake wakakosana na mama, tukarudi Karungu kwa nyanya. Mpaka leo."

Nikamwambia jambo ni rahisi: akate rufaa, aandike kwamba kwao ni Karungu, mimi niipeleke kwa kamati. Aliniangalia kama niliyemtukana.

"Karungu ni kwa kina mama," alisema. "Nikiandika kwetu ni huko, si ni kama nasema baba yangu hakuwa na dala?"

Msomaji asiye Mjaluo nimweleze. Dala ni boma la baba, mahali alipojenga na anapozikwa. Nyumba unaweza kupanga popote, hata Nairobi, ukakaa miaka arobaini. Dala ni moja. Mtoto aliyelelewa kwa wajomba hupendwa, hulishwa na kusomeshwa, lakini hawezi kusema "kwetu" akimaanisha pale, mtu asije akasema baba yake alikuwa wa kuokotwa. Mimi ni Mjaluo, niliyajua hayo kabla sijajua kusoma. Pamoja na kujua, nikamjibu, "Dada yangu, fomu haijui dala."

Hilo ndilo neno ninalolijutia kuliko yote niliyosema ofisini. Alisimama, akaikunja barua yake, akatoka. Maji niliyommiminia hakuyagusa.

Jumamosi ile nilikuwa naenda Rangwe kumwona mama, nikapitia Homa Bay kununua karatasi za kaboni. Bi. Rukia alikuwa mahali pake, nyuma ya mashine ile ile ambayo herufi yake ya "e" ilikaa juu kidogo ya mstari. Hakunijibu salamu vizuri. Alifungua saraka, akanipa ukurasa mmoja.

"Msichana alikuwa hapa jana," alisema. "Alikuja kujaribu nafasi katika chuo cha upande huu. Wakamwambia hakusomea huku, arudi Migori. Huku si wao, kule si wao. Akaniomba nimwandikie, nikaona sahihi yako kwenye barua ya kumkataa."

Nikasoma. Ilikuwa rufaa ya Akoth. Jambo la kwanza, alichoambiwa, lilikuwepo. Jambo la tatu lilikuwepo: ripoti za shule za miaka yote na barua ya chifu wa Karungu. La nne lilikuwepo: anaomba ombi lake litazamwe upya. Jambo la pili, kosa liko wapi, palikuwa peupe.

"Hapa mbona umeacha wazi, mama?"

"Nimekuachia wewe. Kosa si la mtoto. Nitaliandikaje kwa jina lake?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema nilifuata fomu, na fomu haikuwa yangu, na mipaka sikuichora mimi. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaisha.

"Ouma, faili lako la kazi limeandika nyumbani kwako ni wapi?"

"Rangwe."

"Mara ya mwisho kulala Rangwe ilikuwa lini?"

"Krismasi."

"Na huko Migori wamekufukuza kwa kuwa mgeni?"

Akavuta kiti cha pili karibu na mashine. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema. "Mtoto amekataa kuwa mtumwa, wewe umempiga kalamu nyekundu. Na mficha uchi hazai. Kaa hapa uandike."

Niliogopa, sifichi. Kazi ilikuwa bado changa, nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga, na mkuu wa chuo, Mwalimu Chacha, hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, mtu mpana, aliyesema kidogo na kukumbuka kila kitu. Karani kumwandikia kwamba orodha aliyoipitisha ilikuwa na kosa si jambo dogo. Lakini nikakaa. Niliandika kwamba mwombaji alijaza fomu kwa ukweli na kwa adabu ya kwao. Kwamba karani, akiwa wa kabila lake, alijua alichomaanisha na hata hivyo akamwondoa. Kwamba karani huyo huyo amejaza faili lake mwenyewe kwa namna ile ile. Nikatia sahihi. Kwenye pengo la barua ya Akoth, Bi. Rukia akapiga mstari mmoja: kosa limeelezwa na karani katika ukurasa wa pili. Herufi zote za "e" zikakaa juu, zangu na zake.

Siku ya kamati, Akoth aliketi kwenye benchi la ukumbini huku mimi nikiwa ndani na mafaili. Mwalimu Chacha alisoma kurasa zote mbili bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "karani anakata rufaa juu ya karani."

Wajumbe wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Akaagiza msichana aitwe, na Akoth akaingia akiwa ameshika ripoti zake kifuani.

"Nikikupa nafasi," Mwalimu Chacha akamwuliza, "kwa sharti kwamba uandike kwenu ni Karungu, basi, bila Kisegi. Utaandika?"

Nilitamani kumkonyeza aseme ndiyo. Nafasi ilikuwa pale mezani, angenyoosha mkono tu.

"Hapana, mwalimu. Nitaandika Kisegi kwa baba, na Karungu nimelelewa. Yote ni ukweli. Fomu ndio ilikuwa na mstari mmoja."

Mwalimu Chacha akaivuta ile fomu, akaitazama kama kitu alichoagiza mwenyewe na hakuwahi kukifungua. "Hata sisi Wakuria ni hivyo hivyo," akasema polepole. "Baba yangu angenilaani." Kisha akauliza wajumbe kama kuna mwenye la kusema. Hakuwepo. Barua ya kumkataa ikafutwa pale pale, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba kosa lilikuwa la ofisi.

Ningependa kuishia hapo, lakini kazi yetu haiko hivyo. Wanafunzi wa mwaka ule walikuwa wameshafika, vitanda vimejaa, na chuo hakikuwa na ruhusa ya kuongeza hata mmoja. Kamati ikaamua jina la Akoth liwe la kwanza kwenye orodha ya mwaka unaofuata, bila kuomba upya.

"Kwa hivyo nimeshinda ama nimeshindwa?" akauliza.

"Umeshinda," Mwalimu Chacha akamjibu. "Kitanda ndicho hakuna."

Akacheka, wote tukamwona akicheka, na alipofika kwenye benchi la nje kicheko kikageuka kilio. Nikaketi kando yake. Sikumwambia lolote juu ya mipango ya Mungu. Nikamletea maji, na safari hii akayanywa. Baadaye nikamwambia maneno ya Bi. Rukia, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akapangusa pua akauliza, "Mwalimu, koleo ni nini?" Ikabidi nimweleze mambo ya mhunzi na moto, na kufikia mwisho wa maelezo hayo alikuwa ametulia, kwa uchovu nadhani.

Kisha nikampa ushauri ambao hauna methali. Nilimwambia asikae nyumbani mwaka mzima akihesabu waliomtangulia. Aende shule aliyosoma, aombe darasa hata la kujitolea, ashike chaki. Akaenda. Walimpa darasa la pili. Kila muhula ukiisha alinitumia kijikaratasi kwa mkono wa mtu: "Mwalimu, bado niko." Nami nikamjibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo: "Bado uko wa kwanza." Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi nilivuta faili nihakikishe, kana kwamba kuna panya anayekula majina.

Siku ya kupokea wanafunzi wapya nilimwona akiingia langoni na sanduku la bati, akifuatana na kikongwe mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Ndiye nyanya yake wa Karungu. Kikongwe akaja moja kwa moja mezani pangu, akanihoji kwa Kijaluo.

"Wewe ndiye ulimkataa mjukuu wangu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na ndiye uliandika kwamba ulikosa?"

"Ndiye mimi."

Akanipima kutoka kichwani hadi viatuni. "Basi beba hili sanduku," akasema.

Nikalibeba mpaka bwenini, mbele ya wanafunzi wote na Mwalimu Chacha akiwa dirishani. Lilikuwa zito, nadhani aliweka mahindi ya mwaka mzima. Nimepewa cheti cha utumishi mwema mara mbili katika chuo hiki na vyote viwili sijui viko wapi, lakini bega lililobeba sanduku lile nalijua.

Juma lile lile Mwalimu Chacha aliniita akaniamuru nikate stensili mpya ya fomu. Nyumbani kwa wazazi, mstari mmoja. Mahali ulipolelewa na kusoma, mstari wa pili. Niliikata mara mbili kwa sababu ya kwanza niliipaka dawa ya waridi mpaka ikatoboka. Tangu hapo fomu imehama kutoka stensili hadi kompyuta, imebadilishwa rangi na maandishi, na mstari wa pili haujaondoka. Kuna mwaka nyinyi vijana mlitaka kuutoa ili ukurasa uenee vizuri. Mlishangaa kwa nini mzee mpole anapiga kelele. Sasa mnajua. Akoth aliujaza wa kwanza kabisa, Kisegi juu, Karungu chini, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la pili, naye leo ni mwalimu mkuu. Bi. Rukia hayupo tena, Mola amrehemu, na mashine yake sijui nani aliichukua.

Mwezi uliopita niliingia ofisi moja ya mjini kujaza fomu ya kustaafu. Ilikuwa na mstari mmoja wa nyumbani. Nikaandika Rangwe, maana ndiko baba aliko na ndiko nami nitakapolazwa. Kisha nikamwomba kijana wa mezani rula. Nikachora mstari wa pili chini ya ule, nikaujaza: Migori.

"Mzee, hapo hakuna kitu cha kujaza," akasema kijana. "Hii fomu watairudisha."

"Wakiirudisha," nikamwambia, "nitakata rufaa. Mambo manne, ukurasa mmoja."